Mashine Waliyotunyang'anya Jinja

Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa karakana mlisimama mmoja mmoja mkasema Mama Penina ni mtu mpole, mvumilivu, hajawahi kumpigia mtu kelele. Nilikaa pale na soda yangu mkononi nikawatazama. Sijui mlikuwa mnamzungumzia nani. Mimi nimekuwa na hasira tangu nikiwa msichana, na kama sikuwapigia kelele ni kwa sababu mashine zilikuwa zinapiga za kutosha. Sasa macho yangu hayasomi tena mistari ya rula, ovaroli nimeitundika, na mmeniomba niandike habari za kazi. Haya, nitaandika. Lakini aliyetarajia nasaha za bibi atafute bibi mwingine.

Baba yangu, Zakayo, alitoka magharibi ya Kenya akaja Jinja kuwa kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la umeme. Bwawa lilipokwisha hakurudi kwao. Alikuwa amejifunza kulehemu, na mtu akishajua kuunganisha chuma na chuma, jembe linamwona adui. Alifungua karakana nyuma ya soko, kwenye barabara inayoteremka kwenda Masese. Tulitengeneza malango, madirisha ya vyuma, nanga za wavuvi, na vipuri vya mashine za kusaga unga. Lakini moyo wa karakana ulikuwa lethi moja nzee, ya chuma cheusi, ambayo Baba aliinunua kwa Mhindi aliyekuwa anaweka mpya. Lethi, kwa atakayesoma haya na hajaingia karakana, ni mashine ya kukereza: chuma kinazunguka, kisu kinasimama, na kinachobaki ni kile ulichokitaka, kama ulikuwa unajua unachotaka.

Aliyejua ni Mzee Ramadhani. Alikuwa Mnubi; babu yake alikuja na majeshi kutoka Sudan zamani za Waingereza, na familia yake haikuwa na kwao kwingine zaidi ya Jinja. Alikuwa mrefu, mkimya, na kofia yake nyeupe haikuwahi kupata doa la mafuta. Mpaka leo sijui alifanyaje. Baba ndiye aliyekuwa mwenye karakana, lakini mashine ilikuwa ya Ramadhani, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana.

Nilianza kwa sababu kaka zangu walikataa. Mmoja alitaka kuendesha lori, mwingine alitaka kuwa mchungaji. Nilikuwa nimemaliza shule na Mama alikuwa ananitafutia mume. Asubuhi ya kwanza nilifika nimevaa gauni, bangili, na kitambaa kichwani kimening'inia mgongoni. Ramadhani alinitazama akazima mashine.

"Binti, rudi nyumbani," akasema. "Vua bangili. Funga nywele zote ndani. Vaa suruali ya kaka yako."

Baba akashtuka. "Mzee Rama, suruali? Watu wa kanisa watasema nini?"

"Zakayo, kitambaa kikishikwa na hii mashine, haitauliza ni cha kanisa gani."

Nikarudi na suruali. Watu wa kanisa walisema, na wakaendelea kusema hadi walipochoka. Siku hiyo yote, na siku nyingi baadaye, sikuigusa lethi. Alifunga kipande cha chuma kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, akanipa tupa, akaniambia nikifanye bapa. Jioni nilimwonyesha. Alikilaza juu ya kioo, akainama akatazama mwanga unaopita chini yake, akanirudishia. "Kesho tena," akasema. Hakunikemea, wala hakuniambia nimekosea wapi. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Malengelenge yakapasuka, na mwishowe mwanga ukaacha kupita. Nawaambia hili kwa sababu siku hizi mnaanza na mashine siku ya kwanza na mnaita tupa kazi ya adhabu.

Kisha wanajeshi wakachukua nchi. Mwanzoni watu wa Jinja walicheza ngoma barabarani, nami nilicheza. Haikupita muda Wahindi wakaambiwa waondoke. Aliyekuwa akituuzia vyuma alifunga duka lake akaja kumuaga Baba, ameshika sanduku moja, na mkewe analia ndani ya gari. Duka lake akapewa askari. Askari huyo aliuza nondo kama anauza vitunguu, kwa fungu, bila kujua ipi ni ipi, na zilipokwisha akafunga duka akauza milango. Watu kama hao tuliwaita mafutamingi. Walipewa viwanda, maduka, karakana, majumba yenye bustani, na walivyovishika vikafa. Mpaka leo nikisikia mtu anasema angalau wakati ule mali ilirudi kwa Mwafrika, natamani nimpige na spana. Mali ilirudi kwa mwenye bunduki. Mwafrika nilikuwa mimi, na sikuona hata msumari.

Tukawa tunafanya kazi na mizoga. Ekseli za malori yaliyokufa zikawa shafti, vile vyuma virefu vya kuzungushia mashine. Springi zikawa patasi na visu. Vijiti vya kulehemu vilipoadimika, Baba alinyoosha waya wa seng'enge, akauchovya kwenye chokaa, akaukausha juani. Ulirusha cheche kama wazimu lakini uliunganisha. Hatukuwa na sabuni ya kunawa mikono, tulinawa kwa mchanga na mafuta ya taa, yakiwapo. Wateja walilipa kwa samaki wa Masese. Nilikula samaki hadi nikawachukia.

Katika hali hiyo akaja Kapteni. Jina lake nalijua vizuri na silitaji, maana sitaki liishi humu pamoja na majina ya watu. Alikuwa amepewa karakana kubwa ya Mhindi upande wa viwandani, yenye mashine mara tatu au nne ya zetu. Aliziendesha bila mafuta, mota akaziuza Kampala, na sasa alikuwa ameahidi wakubwa wake kwamba atatengeneza vipuri vya magari ya jeshi. Hakuwa na cha kutengenezea. Alikuja mchana kweupe na gari mbili, akaingia bila kubisha, na askari wake wakaenea ndani kama nzi.

"Nani iko mkubwa hapa?"

"Mimi, afande," Baba akasema.

"Wewe Mkenya?"

"Nimekaa hapa Jinja tangu bwawa, afande."

"Nyinyi Wakenya nakula mali ya Uganda sana. Hii mashine nachukua. Serikali nataka."

Baba hakupandisha sauti. "Afande, hii mashine ndiyo mkono wetu. Ukiichukua, watu wangu watakula nini? Leta kazi yako hapa, tutaifanya, hata bure."

Kapteni alimpiga kofi. Si ngumi, kofi, kama unavyompiga mtoto, mbele yangu na mbele ya wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Miwani ya Baba ikaruka chini ya meza. Nilisogea, na askari mmoja akaniwekea mtutu kifuani akitabasamu. Nilikuwa na nyundo mkononi. Nimeikumbuka nyundo hiyo mara nyingi kuliko ninavyomkumbuka marehemu mume wangu, Mungu anisamehe.

Lethi ilikuwa imefungwa sakafuni kwa bolti. Spana zilikuwa zimetundikwa ukutani mbele ya macho yao, lakini hawakutaka kufungua. Walifunga kamba kwenye mashine, wakaiunga na gari, wakavuta. Hapo Ramadhani akawaendea akawasemesha kwa Kinubi. Baadaye aliniambia alichosema: "Wanangu, chuma cha namna hii hakivutwi. Kinavunjika kama chungu. Nipeni nafasi niwafungulie." Wakacheka. Wakavuta tena. Mguu mmoja wa mashine ukakatika kwa mlio ambao mpaka sasa nikiusikia ndotoni naamka. Ramadhani akafumba macho.

Kapteni akamgeukia. "Mzee, wewe mtu yetu. Kwa nini nafanyia Mkenya kazi? Kuja kwangu. Nitakupa nyumba, sukari, sabuni."

"Ahsante, afande. Mimi ni fundi wa Zakayo."

Kapteni akamtazama kama mtu aliyeambiwa mzaha asioupenda. Kisha akawaambia askari wake: "Hii mashine inataka mzee yake. Chukua mzee pia."

Wakampakia nyuma ya gari, kando ya lethi iliyolala ubavu, naye akaiwekea mkono juu kuizuia isibingirike. Baba alikuwa bado anapapasa chini ya meza, anatafuta miwani.

Baba alikwenda kwa kila mtu aliyemjua. Kwa chifu, kwa shehe, kwa mchungaji, kwa jirani aliyekuwa na shemeji jeshini. Wote walimwambia jambo moja: nyamaza, Zakayo, ondoka. Wakati huo Kenya na Uganda zilikuwa zimenuniana, na Mkenya yeyote aliweza kuitwa jasusi hata kwa kununua betri za redio. Mama alikuwa na dada yake ameolewa Mbale. Tukakubaliana tuhamie huko na kilichobaki: jiliwa, fuawe, tupa, mtambo wa kulehemu.

Kabla ya kuondoka nilimpelekea Ramadhani chakula. Nilimwambia mlinzi mimi ni binti yake, na alinitazama nikiwa na suruali yangu, akaguna, akaniruhusu. Karakana ile ilikuwa kubwa kama kanisa na kimya kama kaburi. Mashine za Mhindi zimepangwa safu, zimeota kutu. Lethi yetu ilikuwa katikati, mguu uliovunjika umeegemezwa kwa matofali. Ramadhani alikuwa amekaa juu ya debe.

"Inakereza?" nikamuuliza. Ujinga gani huo, lakini ndivyo nilivyouliza.

"Inakereza yai. Haisimami sawa, kila kitu kinatoka yai badala ya duara. Nimemwambia Kapteni, tupige zege mpya, tulehemu mguu. Anasema mi namharibia kwa makusudi."

"Toroka, Mzee. Twende Mbale."

"Nyinyi tangulieni. Nikitoka hapa leo, kesho wanakuja kwenu." Akafungua kile chakula akanawa. "Baba yako miwani alipata?"

"Kioo kimoja kimepasuka."

"Basi alehemu na jicho moja," akasema, akaanza kula.

Alikuja Mbale wakati wa mvua, kwenye lori la mkaa. Nilimtambua kwa kofia. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na alipokifungua Mama alitoka nje. Gari la jeshi lilikuwa limeharibikia njiani kwa sababu ya kipuri kilichotoka yai, Kapteni akatukanwa na mkubwa wake, naye akarudi karakana akaagiza mkono wa mzee uwekwe juu ya lethi. Walitumia kitako cha bunduki. Baada ya hapo hakuwa na faida kwao, wakamwachia.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kushtakiwa kwa mkono ule. Nimeusubiri mwisho wa kisa hicho maisha yangu yote na haukuja.

Mbale tulipanga chumba kwenye mtaa wa nyuma ya maduka ya jumla. Mbele yake watu walipanda mabasi ya Kampala na Kenya, na siku za mawingu mlima ulioinamia mji ulipotea kabisa ukabaki ukungu tu. Tulifanya kazi kwa mkono: msumeno, tupa, keekee ya kutobolea ya kuzungusha. Kisha kiwanda kimoja cha kuchambulia pamba kilichosimama kikatupa lethi iliyolika, na Baba akaipata kwa kuwatengenezea paa. Ilikuwa mbovu. Upande wa kushoto ilikula chuma zaidi, upande wa kulia kidogo, hata ufanyeje. Ramadhani aliikagua kwa mkono wa kushoto kama anayempima ng'ombe, akaniambia, "Hii inasema uongo, lakini inasema uongo ule ule kila siku. Tutaizoea."

Kuanzia hapo nilikuwa mikono yake. Alisimama nyuma yangu, kiganja chake cha kushoto kimelala juu ya mashine, akisikiliza. "Punguza. Kisu kinalia. Inua kidogo. Hapo." Nililia mara nyingi, kwa hasira, kwa sababu niliona vidole vyake vya kulia vikitaka kushika usukani na vikishindwa kufunga. Yeye hakulia. Kuna waliosema ni moyo wa subira. Mimi nilikaa naye, nami nasema alikuwa na hasira kuliko mimi, ila alikuwa na adabu.

Kazi ninayojivunia kuliko zote ni ya Busiu. Bwana Mafabi alikuwa na mashine ya kusaga unga kwenye senta ya Busiu, barabara ya Tororo, na vijiji vyote vya karibu vilisaga kwake. Shafti ikakatika msimu wa mahindi. Alifika kwetu amebeba vipande viwili kama maiti ya mtoto.

"Mzee, nimezunguka mji wote. Wanasema mpaka Nairobi. Watu wanakula mahindi mazima kama farasi."

Ramadhani akavitazama. "Tafuta ekseli ya lori, ile iliyonyooka."

Mafabi aliipata kwenye mzoga wa lori huko Tororo. Chuma cha ekseli ni kigumu, kisu chetu kingevunjika. Tuliipasha moto wa mkaa hadi ikawa nyekundu kama nyanya, tukaizika kwenye majivu ya moto ipoe polepole hadi kesho yake, ikalainika. Kisha nikakereza. Mahali pa beringi ndipo pa hatari: ikizidi haiingii, ikipungua itacheza na kukatika tena. Na mashine yetu inasema uongo. Tulikereza kubwa kwa makusudi, unene wa ukucha, na sehemu ya mwisho nikaimaliza kwa tupa na msasa chuma kikizunguka, kalipa ya kupimia unene mkononi, Ramadhani akisema "bado, bado, bado" hadi nikataka kumtupia ile kalipa. Beringi ilipoingia kwa kugongwa kidogo tu na kipande cha mbao, Baba alipiga mluzi. Tulikwenda Busiu kuifunga. Mkanda ulipowekwa na jiwe likaanza kuzunguka, wanawake kwenye foleni walipiga vigelegele, na Mafabi akamkumbatia Ramadhani mbele ya watu wote. Akamwita baba. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Kisha utawala ule ukaanguka. Wanajeshi wa Tanzania waliingia Mbale wakisema "tafadhali, mama" na "samahani, mzee." Sikuwa nimejua kwamba Kiswahili kinaweza kuomba kikiwa kimevaa sare. Watu walicheza ngoma tena. Safari hii mimi sikucheza, nilikuwa na kazi kwenye mashine.

Wakaja baada ya swala ya adhuhuri. Kundi la watu tunaowajua, wenye fimbo na mapanga, waliokwishapita mtaa wa Wanubi. Askari wengi wa utawala ule walikuwa Wanubi, na sasa kila Mnubi alikuwa adui. Nyumba ya Ramadhani huko ilikuwa tayari inatoa moshi. Mbele kabisa alisimama Mafabi.

"Zakayo, toa huyo mzee," akasema.

Baba akajiweka mlangoni. "Mzee gani? Huyu aliyetengeneza mashine yako?"

"Huyo ni mtu yao. Wote wale ni watu yao."

"Mtu yao? Tazama mkono wake! Nani alimvunja?"

"Kila mmoja sasa anasema alipigwa," mtu akapaza sauti nyuma, na watu wakacheka. Ndiyo, walicheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha askari wakivuta kamba Jinja. Nilikitambua.

Nilisimama kando ya Baba nikiwa na nondo. Safari hii niliitumia. Nilimpiga wa kwanza begani, nikampiga wa pili, kisha sikumbuki. Walitusukuma chini wakaingia. Walimburuta Ramadhani nje kwa miguu, kofia imeanguka, wakampiga barabarani mbele ya maduka, mchana, na wenye maduka wakafunga milango. Hakusema Kinubi wala Kiswahili. Aliyewasimamisha ni sajenti mmoja wa Tanzania aliyepita na gari akapiga risasi hewani. Akauliza, "Mnampigia nini mzee wa watu?" Walitawanyika, wakitembea, bila hata haraka.

Kabla ya jioni tulimvusha mpaka wa Malaba kuingia Kenya ndani ya lori la mahindi, mbavu zimefungwa kwa leso za Mama. Alikuwa na dada Nairobi. Aliishi huko kwenye chumba kimoja kwa miaka michache, kisha akafa, na nilimtembelea kila nilipopata nauli. Sikumsikia akiuliza habari za Jinja wala za nyumba yake. Mara ya mwisho nilimwambia kwamba Mafabi bado anasaga, ametajirika, amekuwa mzee wa baraza, na kwamba nikipita Busiu natamani kuitia mchanga ile mashine.

"Shafti inazunguka sawa?" akaniuliza.

"Inazunguka."

"Basi usiiguse, binti. Wale wanawake walikuwa na foleni ndefu."

Sikuigusa. Lakini vyuma vinalika, na baada ya kumzika Ramadhani, Mafabi alituma shafti ile ile, imechakaa, tumchongee nyingine. Baba alikuwa amezeeka, aliniachia niamue. Niliikereza. Niliikereza vizuri kuliko ya kwanza, maana tulikuwa na lethi nzuri wakati huo, na wanawake wa Busiu hawakuwa wamenikosea. Alikuja mwenyewe kuichukua, amevaa koti, amenenepa. Alisimama mlangoni pale pale alipowahi kusimama, akachangamka kama mtu aliyefika kwa ndugu zake, akasema, "Penina, mwanangu, hamjambo hapa?" akanyoosha mkono nimsalimie.

Nikamwekea shafti mkononi. Ilikuwa nzito. Akainama nayo hadi magoti yakagusa chini, nami nikarudi kwenye mashine yangu nikaiwasha.